Kuku Themanini na Tatu Chumbani kwa Mama Saidi

Wenzangu, nipisheni kwenye benchi nikae. Leo nimepimwa aibu mwili mzima, kifua, kiuno, mpaka urefu wa mguu, na imenikaa vizuri, haitaki kupunguzwa hata kidogo!

Natoka Masaka, hapo nje ya mji, sasa hivi. Angalieni viatu vyangu. Hayo si matope. (Ni kile kitu kingine.) Juma, acha kucheka, sijaanza.

Mnajua tangu macho yangu yagombane na tundu la sindano, niliwaachia cherehani nikaenda kufuga kuku wa mayai na mke wangu, Mama Saidi. Sasa kule Masaka tuna ushirika wa wafugaji. Na ushirika uko na kompyuta. Ndiyo, kompyuta! Wasomi wanaiita odinateri. Iko pale ofisini Kicukiro, juu ya meza yake peke yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Umeme ukikatika, ofisi nzima inainama kama msibani.

Kazi ya ile mashine ni kukumbuka kuku. Kuku wako wangapi, wametaga mangapi, wamekula magunia mangapi, nani amekufa. Anayeilisha ni veterineri wetu, daktari wa mifugo, Imakulata, binti mwembamba kama uzi namba arobaini, lakini anaendesha pikipiki kubwa kama ng'ombe wa kifalme. Kila Ijumaa asubuhi tunampelekea hesabu. Wenzangu wanapeleka karatasi. Mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana, kwa hiyo napeleka makopo. Makopo mawili ya maziwa ya unga. Kopo la mahindi ni kuku: punje moja, kuku mmoja. Kopo la maharage ni mayai: punje moja, trei moja. Magunia ya chakula namtajia kwa mdomo. Imakulata anamwaga punje mezani, anahesabu, anabonyeza tik tik tik, mashine inameza. Hajanicheka hata siku moja. Anasema makopo yangu yana mwandiko mzuri kuliko wa mwenyekiti.

Sasa shida ilianza Ijumaa ya kwanza kabisa.

Nimefika, kopo limejaa punje zangu zote, hakuna hata moja pungufu. Imakulata akafunua kile kitambaa. Akawasha. Yampayinka! Jicho moja. Jicho kubwa, jeusi, halafu likaanza kuwaka kijani katikati. Linaniangalia. Halipepesi!

Nyinyi mnanijua. Bibi yangu alinilea kwa maneno mawili: kiumbe hai hahesabiwi kwa sauti, na mgeni haambiwi idadi. Na si sisi Waislamu tu. Muulize Mnyarwanda yeyote ana ng'ombe wangapi. Kundi limejaza bonde zima, yeye atakwambia, "Iko kandama kamoja tu, nako kanaumwa." Sasa mimi nilitajie idadi jicho la kijani la namna ile? Jicho ambalo hata sijui baba yake ni nani?

Nikasema, "Mwanangu, samahani, nimesahau kitu nje." Nikatoka, nikajibanza chini ya dirisha, nikaanza kupunguza punje. Lakini utazitupa wapi? Zitaonekana. Nikazitafuna. Mahindi makavu! Punje themanini na tatu, wallahi. Jino langu la nyuma mpaka leo linacheza kama kifungo kilichobaki na uzi mmoja. Nikarudi ndani na kopo la kuku sitini.

Na kweli ni wangapi? Haya, semeni mashallah kwanza. Wote. Juma, sijakusikia. Mia moja na arobaini na tatu. (Semeni tena.)

Hapo sikufanya dhambi kubwa, si ndiyo? Kosa langu ni kwamba kopo la mayai sikuligusa. Yai halina roho bado, yai utalihesabu mpaka uchoke. Na kopo lile ni la Mama Saidi, na Mama Saidi hawezi kudanganya hata akilipwa. Kwa hiyo kila wiki mashine inapata kuku wachache wa mimi mwongo, na mayai mengi ya mke wangu mkweli. Imeyaweka pamoja. Imenyamaza. Mimi nikajua imeridhika.

Kumbe!

Wiki tatu zilizopita, mkutano wa ushirika. Mwenyekiti amesimama na karatasi ndefu kama kanga, imetobolewa matundu pembeni, imetoka kwenye mashine. Anasoma majina. Akafika kwangu akavua miwani, akaivaa tena.

"Ramazani. Kuku sitini. Mayai mia moja na saba kwa siku. Kwa siku!"

Watu wote, "Eeeh!"

"Ndiyo kusema," mwenyekiti akaendelea, "kuku wa Muzehe Ramazani anataga karibu mayai mawili kila siku. Mutu asimame tumwone!"

Nilitakiwa kufanya nini? Nilisimama. Nikapigiwa makofi. Nikapewa zawadi, chombo cha kunyweshea kuku, chekundu, kipya, bado kina harufu ya duka. Imakulata alikuwa amekaa pembeni ananiangalia tu, anatabasamu, vile unavyomtazama mtu mzima aliyesahau kufunga zipu.

Sasa angekuwa mtu mwingine angesema asante akakaa. Mimi? Nikaulizwa, "Siri ni nini?" Hamnijui? Mdomo huu haujawahi kukataa mwaliko.

Nikasema, "Siri ni kuwaimbia."

Watu wakasogea karibu.

Nikasema, "Alfajiri, kabla hawajashuka kwenye fito zao. Sauti ya chini, kama unambembeleza mtoto. Na upige magoti, kuku hapendi mtu anayemwimbia kwa kiburi."

Nilidhani watacheka. Hakuna aliyecheka! Waliandika! Jirani yangu Gaspari, mzee wa kanisa, mtu mzito na mwenye ukoo mkubwa, akanyoosha mkono: "Wimbo gani, jirani?" Nikamjibu, "Wowote ule, mradi utoke moyoni."

Tangu siku hiyo, kila alfajiri nikitawadha, nasikia upande wa pili wa ua sauti nene ya Gaspari kwenye banda. Amepiga magoti kwenye mavi ya kuku, anaimba nyimbo za kanisa, beti zote, na anarudia kiitikio. Wiki tatu! Suruali zake mbili zimetoboka magotini. (Nimezitia viraka mimi mwenyewe, bure. Nilimwambia ni kwa ajili ya ujirani. Ilikuwa ni kwa ajili ya dhamiri.)

Basi, wiki iliyopita kicheko kikakauka. Mdondo umeingia, ule ugonjwa wa kuku ambao kule wanauita muraramo. Kuku jioni mzima, asubuhi shingo imepinda, jioni hayupo. Bonde la chini, mama mmoja mjane amelala na kuku hamsini, ameamka na watano. Nilimwona amekaa kwenye kizingiti, hata hakuwa analia.

Ijumaa Imakulata akatuambia ofisini: "Chanjo imepatikana, lakini ni kidogo. Kila chupa inatosha kuku mia moja, tone moja kwenye jicho. Ikifunguliwa inaisha nguvu mchana huohuo. Nitagawa kwa idadi iliyo ndani ya odinateri. Muzehe Ramazani, wewe sitini. Gaspari arobaini. Nyinyi ni majirani, mutagawana chupa moja."

Sitini!

Nimerudi nyumbani, Mama Saidi ananitazama tu. Nikamweleza.

"Mwambie ukweli," akasema.

"Niseme vipi? Kile chombo chekundu kipo pale, kila mtu anakiona! Na Gaspari na magoti yake?"

"Basi kuku themanini na tatu wafe kwa sababu ya magoti ya Gaspari?"

Lakini nilikuwa na mpango. (Mungu anisamehe, mimi huwa na mpango.)

Mpango ulikuwa huu. Kuku wangu wote ni wekundu, wote wanafanana kama vifungo vya shati moja. Veterineri akija, ataona sitini bandani. Wengine nitawaficha ndani. Akianza kuchanja, mimi ndiye mletaji. Nitakuwa naleta, naleta, napiga hadithi, nafika sitini, napitiliza na kuchota wa chumbani, sitini na moja, sabini, tisini. Nani atahesabu wakati mimi nazungumza? Nyinyi mlishawahi kuhesabu kitu wakati mimi nazungumza?

Leo nimeswali Alfajiri nikaingia kazini. Kuku akiwa bado na usingizi anakamatika kama embe. Nimewabeba wanne wanne, nikawapeleka chumbani kwetu. Wako juu ya kitanda, chini ya kitanda, juu ya kabati, ndani ya beseni la nguo. Mmoja amekaa juu ya mto wa Mama Saidi, amekunja miguu, kama mke mdogo.

Mama Saidi amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Baba Saidi. Shuka hizi ni za mahari yangu."

"Saa moja tu, mama. Kaa nao, wabembeleze wasipige kelele."

"Niwaimbie?"

Alinichoma. Nikachukua redio, nikaifungua kwa nguvu zote, nikaiweka dirishani ili muziki ufunike sauti zao. Nikafunga mlango. Mke wangu yumo ndani na kuku themanini na tatu. Miaka ishirini na sita ya ndoa!

Saa nne hivi Imakulata akafika. Amechelewa, kwenye kizuizi cha barabarani askari walitaka kujua ndani ya kisanduku chake cha barafu mna nini. Aliwafungulia wakaona vichupa, wakamuuliza kama vinatibu na jino. Alikuwa amechoka, lakini anatabasamu tabasamu lilelile la zipu.

Gaspari naye akaingia na kuku wake kwenye matenga, amevaa suruali yenye viraka vyangu. Akaketi kwenye kigogo kungoja zamu yake, kuku wa kwanza tayari kwapani.

"Amahoro, jirani! Redio ya leo iko na sauti kubwa! Kuna sherehe?"

"Aa, ni... kuku wanapenda."

"Eh! Na redio pia?" Naapa, alitafuta kitu cha kuandikia.

Imakulata akafungua kisanduku, akatoa chupa moja, akachanganya dawa, tukaanza. Mimi naleta kuku, nainamisha kichwa chake, tone moja jichoni, kuku anapepesa, namweka upande wa pili. Nikafungua mdomo. Nilimsimulia habari ya bwana harusi aliyeshonewa koti lenye mikono miwili ya kulia. Nilimsimulia habari ya siku nilipomshonea padri kanzu kwa kipimo cha shekhe. Mambo ambayo hata nyinyi sijawaambia! Kwa maana leo ni siku ya kufa kuku au kupona.

Yule binti anacheka. Anacheka kweli, machozi yanamtoka. Lakini kila tone likidondoka, anasema, "Kumi na tisa. Ishirini. Ishirini na moja."

Kwa sauti! Kuku wangu! Kila namba ilinipita mbavuni kama pini. Na Gaspari naye akawa anamsaidia kwa Kinyarwanda, "Mirongo itatu!" kama yuko harambee. Mimi nasema mashallah kimoyomoyo mpaka ulimi wa moyo umechoka.

"Hamsini na nane. Hamsini na tisa. Sitini."

Akafunika kichupa. "Umemaliza, Muzehe. Hongera. Iliyobaki ni ya Gaspari. Matone arobaini sawasawa. Jirani, leta wako."

Gaspari akasimama. Na mimi nimesimama katikati, mguu mmoja tayari umeelekea chumbani kumfuata kuku wa sitini na moja.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, acheni kunywa chai. Ule mpango wangu wote, kuna kitu kimoja sikuwa nimekifikiria. Nilifikiri naiba kwenye chupa. Sikufikiri chupa ina mwenyewe. Nilimtazama Gaspari na kuku wake kwapani. Alikuwa anamnong'oneza. "Usiogope, mama, ni tone tu." Yule kuku ametulia kabisa, shingo imelala kwenye mkono wake. Wiki tatu anaimbiwa, anamjua baba yake! Nikasema, Ramazani, kila tone utakalopitisha sasa unalitoa kwenye jicho la kuku huyu. Mtu aliyekuamini mpaka magotini.

Nikaurudisha mguu wangu.

Nikafungua mdomo niseme ukweli. Wallahi nilikuwa nasema! Mdomo ulikuwa umeshafunguka, neno "Mwanangu" lilikuwa limeshatoka! Mke wangu haamini, Gaspari haamini, na naona hata nyinyi hamniamini. Lakini nilikuwa nasema!

Redio ikaniwahi.

Mawe ya redio, yale mabetri, yalikuwa yanakwisha. Yule mwimbaji akaanza kuvuta maneno. Sauti ikawa nzito. Ikawa nzito zaidi, kama mlevi anayesinzia kwenye ngazi. "Mmmpeeenziii waaa..." Halafu kimya.

Kimya kabisa.

Na ndani ya chumba changu cha kulala, kuku mmoja akataga.

Mnajua kuku akitaga anavyotangaza. Ko ko ko ko-KODEEE! Mwenzake wa juu ya kabati akajibu. Wa kwenye beseni akajibu. Halafu wote! Nyumba nzima inapiga kelele kama sokoni Nyabugogo asubuhi ya Krismasi! Pazia linacheza. Bati linatetemeka.

Imakulata amesimama, kichupa mkononi. Gaspari amegeuza kichwa polepole.

"Jirani," akasema, "Mama Saidi iko mgonjwa?"

Nikasema, "Anakohoa kidogo."

(Ndiyo. Nilisema hivyo. Ndicho kitu cha pekee nilichopata.)

Mlango ukafunguka, pa! Mama Saidi huyo, kichwani manyoya, begani mavi, mkononi yai la moto. Sauti yake mngeisikia mpaka hapa Biryogo.

"Baba Saidi! Hawa wake wenza wangu wamenyea shuka za mahari yangu! Nimechoka! Watoke wachanjwe au nitoke mimi!"

Na wakatoka. Hawakukimbia, afadhali wangekimbia. Walitoka kwa heshima, mmoja mmoja, wanashuka ngazi, wanatingisha mikia, kama waumini wanaotoka kwenye ibada. Na Gaspari, mzee wa kanisa, akanyoosha kidole akahesabu kwa sauti mpaka wa mwisho. Themanini na tatu! Wa themanini na tatu alikuwa amevaa soksi yangu shingoni.

Nilitamani ardhi ifunguke, lakini ingefunguka na kuku nao wangeingia.

Gaspari akanigeukia. Taratibu sana. "Jirani. Kama kuku si sitini... mayai si mawili mawili."

"Ndiyo, jirani."

"Na kama mayai si mawili mawili... kuimba?"

Sikuweza kumtazama usoni. Nilitazama viraka. Nilivishona vizuri sana, ndicho nilichowaza.

"Wiki tatu!" akapiga kelele. "Wiki tatu mimi mutu mukubwa napiga magoti kwa mavi! Mtoto wangu wa sekondari ameandikia barua shangazi yake, ati baba amepata kichaa! Mana yanjye!" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, kuku bado kwapani. Nafikiri angenipiga ningepata nafuu.

Nikamgeukia Imakulata. Nikasema, "Mwanangu, nimekosa. Niliogopa lile jicho la mashine. Kile chombo chekundu nitakirudisha leo. Mchanje Gaspari. Hao wangu themanini na tatu, wacha nibaki nao na Mungu."

Akainama kwenye kisanduku cha barafu, akatoa chupa ya pili.

Ya pili!

"Muzehe," akasema, "kuku hatagi mayai mawili kwa siku. Hata wa mfalme. Ile wiki ya kwanza tu, odinateri ilinionyesha mayai ya kuku mia moja na zaidi, na chakula cha kuku mia moja na zaidi, lakini kuku sitini. Nikagawa, nikapata karibu mia moja arobaini na kitu. Nikaomba chupa ya ziada."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Mama yangu kule nyumbani hajawahi kutaja idadi ya ng'ombe wake, hata kwa baba. Nilijua. Nilisema, nitamsubiri aseme mwenyewe."

Jamani. Nilimshika yule binti mkono kwa mikono yangu miwili, mavi na vyote, nikamwombea dua mpaka akaniambia, "Muzehe, dawa inapata joto."

Wakati huo Gaspari bado anacheka, anajifuta machozi, "Ati kuimba! Ati kwa sauti ya chini!" Halafu akajipigapiga magoti. "Lakini kwangu mayai yaliongezeka! Kwangu kuimba kumefanya kazi. Iko kwa mashine!"

"Kweli yameongezeka," Imakulata akasema. "Kwa sababu ulinunua kuku kumi na saba Nyabugogo ile wiki ya mkutano, muuzaji ameniambia, na hukuwaandikisha."

Kicheko cha Gaspari kikakatika kama uzi.

"Ni... vitoto tu," akasema.

"Vitoto vinavyotaga?"

Gaspari akatazama viatu vyake. Mimi nikatazama vyangu. Wanaume wawili, mvi vichwani, tumesimama mbele ya binti wa umri wa watoto wetu kama tumekamatwa tunaiba sukari. Na Mama Saidi yuko mlangoni anachomoa manyoya kwenye nywele, anatucheka sisi wote wawili. Nilifurahi jinsi gani, wenzangu! Aibu ikigawanywa kwa watu wawili, kila mmoja anapata suruali fupi.

"Wako ni hamsini na saba," Imakulata akamwambia. "Wa Muzehe mia moja arobaini na tatu. Jumla mia mbili. Chupa mbili. Hakuna tone litakalobaki, kwa hiyo shikeni kuku vizuri, mimi siongezi."

Tukachanja wote. Wote! Mpaka yule wa soksi. Gaspari ananiletea, mimi namletea. Na namba hazikutajwa tena. Imakulata mwenyewe aliona vile ninavyoshtuka, akaniomba kopo la mahindi. Kila kuku akipata tone, Mama Saidi anadondosha punje moja ndani. Tik. Kimya. Tik. Mwisho akalifunika, akalifunga kwenye pikipiki. Amesema Ijumaa atalimwagia mashine mwenyewe, na jicho atalifunika na kile kitambaa mpaka amalize kubonyeza.

Kuku wangu wako hai, wenzangu. Jioni hii wamekula kama wageni wa harusi. Yule mjane wa bonde la chini, Mama Saidi ameamua atapelekewa kumi waliokwisha chanjwa, wa kuanzia upya, na mimi sijasema neno. Mwaka mzima huu sitasema neno mbele ya Mama Saidi. Nimeshinda nafua shuka za mahari, mara tatu, kwa sabuni ya kipande, na Gaspari akachungulia juu ya ua kuniuliza kama shuka nazo zinapenda kuimbiwa.

Na haya mayai mliyonayo mikononi, trei mbili hizi, yametagwa leo chumbani kwangu. Kuleni. Ni sadaka ya shukrani. Msiyahesabu, kuleni tu.

Imebaki adhabu yangu. Gaspari amesema ananisamehe kabisa, kwa sharti moja. Kuku wake wameshazoea. Asipoimba alfajiri hawashuki, wanamtazama tu. Na kwa kuwa magoti yake yamechakaa kwa ajili yangu, wiki tatu zijazo nitakwenda kuwaimbia mimi. Nimemwambia sijui nyimbo za kanisa. Amenijibu, "Wowote ule, jirani, mradi utoke moyoni."

Kwa hiyo kesho mkisikia kuna mzee huko Masaka amepiga magoti bandani kwa mtu anaimba, ni mimi, na tafadhali msicheke kwa sauti: veterineri ameagiza kuku waliochanjwa wasisumbuliwe.